Kivuli Upande wa Kaskazini

Nilichomoa waya wa projekta Jumamosi alasiri, mbele ya ukumbi mzima wa wageni wenye glasi mkononi. Picha ya nyumba ikapotea ukutani. Bwana Julian, mkurugenzi wa hifadhi yetu ya michoro, akabaki ameinua kidole, anaonyesha kitu ambacho hakipo.

Watu wanasema nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Kwa dakika arobaini nilikaa kimya nikimsikiliza akieleza jinsi marehemu baba yake, msanifu majengo, alivyowajengea matajiri nyumba kule Palm Springs, mji wa mapumziko katikati ya jangwa la Kalifonia. Nilivumilia habari za paa bapa. Nilivumilia kuta za vioo. Neno "mwanga" nilivumilia mara ishirini. Akafika kwenye nyumba iliyowekwa kwenye jalada la kitabu chao kipya, ile yenye ukuta wa matofali ya matundu upande wa kusini na mwingine kama huo upande wa kaskazini, akasema: "Baba aliweka kivuli mahali ambapo jua halifiki. Hapo ndipo fundi anapoishia na msanii anapoanza."

Watu wakapiga makofi. Na nyuma kabisa, kwenye kiti cha plastiki karibu na makoti, Mama Harmit, bibi wa miaka themanini na moja aliyeuchora ukuta ule kwa mkono wake, naye akapiga makofi.

Hapo ndipo mkono wangu ulipokwenda kwenye waya.

Basi kazi imekwisha. Miaka tisa. Nina miaka thelathini na tatu, binti yangu Nasra ana sita, na nimestaafu. Wanaosema kustaafu ni kwa wenye mvi hawajafanya kazi mahali nilipofanya mimi. Furaha, wewe dada wa Bukavu uliyekalia kiti changu, na nyinyi wengine mnaoingia kazini kwenye hifadhi za michoro na makumbusho ya mji huu wa Birmingham, nawaandikia nyinyi. Habari za mshahara siziandiki, na safari yangu ya kutoka kwenye ufagio mpaka kwenye skana, mashine ya kunakilia michoro, haiwahusu. Nitawaambia kazi yenyewe ilivyo, na nani wa kumtazama kwa jicho gani.

Siku ya kwanza nilipanda basi Stratford Road, nimebanwa kati ya mifuko ya mchele ya watu, nikabadilisha mjini, nikashuka Edgbaston, mtaa wa wenye pesa. Ukishuka pale unasikia ndege wakiimba. Nilidhani nimepotea. Hifadhi ilikuwa ndani ya nyumba ya marehemu mwenyewe. Chini sebule imegeuzwa ukumbi wa maonyesho, juu vyumba vya kulala vimejazwa makabati ya chuma yenye droo bapa, pana kama meza ya kulia chakula. Nilipewa ndoo na kuambiwa maji yasikaribie makabati. Kilichomo ndani hakuna aliyeniambia, na mimi mtu akinificha kitu ndio kwanza nataka kukiona. Nikafungua droo moja, nikasema nafuta vumbi.

Ndani kulikuwa na mchoro wa wino mweusi kwenye karatasi nyembamba inayoonyesha upande wa pili. Nyumba fupi, kama imekaa chini. Mlima nyuma yake, bwawa la kuogelea mbele, mnazi mmoja wa kujifanya. Na ukuta mrefu wa matofali ya matundu, yale ya duara ndani ya mraba. Nikacheka peke yangu. Mimi ni mtoto wa Tanga. Matofali yale yalikuwa kwenye choo cha shule yetu ya msingi. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, kwamba kumbe matajiri wa Amerika wanaogelea mbele ya choo chetu.

"Nani huyo nacheka mchoro?"

Nikageuka. Bibi mmoja wa Kisingasinga, mfupi, kitambaa cheupe kichwani, miwani mbili, moja usoni na nyingine inaning'inia kifuani. Ndiye Mama Harmit. Alizaliwa Nairobi, baba yake akiwa kontrakta mwenye uwanja wa kufyatulia matofali, na kila Jumanne alikuja kujitolea kusaidia kutambua michoro, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kusoma mwandiko wa marehemu. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia.

"Ah, Tanga," akasema, kama mtu aliyeambiwa ana deni. "Sasa Kiswahili yangu utasahihisha kila siku."

"Kidogo tu, Mama."

"Sahihisha. Lakini jua, Kiswahili hii imejenga nusu ya Nairobi."

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Cheti changu ni cha kidato cha nne, na sikuwahi kushika mchoro wa nyumba maishani. Alianza na mikono. Osha, kausha, halafu subiri. Hina ikiwa mbichi usiguse droo hata moja. Mafuta ya mtoto ni mabaya kuliko hina kwa sababu huyaoni, na mimi nilipojifungua Nasra nilirudi kazini nanuka mafuta ya mtoto kuanzia vidoleni mpaka kwenye viwiko. Akanirudisha sinkini mara tatu siku moja. Karatasi iliyokaa imekunjwa miaka hamsini haifunguliwi kwa nguvu, inalazwa, inawekewa uzito pembeni, inaachwa ijisahau. Na kabla ya kuitazama kwa macho, ipitishie kidole, upande wa nyuma wa kidole ambako ngozi ni laini.

Zana za wachoraji wa zamani nilizijua zote, ingawa zilikuwa za makumbusho tayari. Rula ya umbo la T. Kalamu za wino zenye ncha kama sindano, ambazo usipoziosha jioni asubuhi zimekufa. Na wembe. Furaha, wembe uujue. Wino kwenye karatasi ile haufutiki kwa raba. Ukikosea unalaza wembe karibu bapa, unakwangua wino taratibu mpaka utoke, halafu unasugua pale pahali kwa mgongo wa kijiko ili karatasi ikubali wino tena. Mchoraji asiye stadi anaacha shimo. Mchoraji stadi haachi kitu cha kuona, ila kidole kinajua, kwa sababu pale pamekuwa pakavu na laini kupita kiasi, kama kovu la zamani.

Zile nyumba za jangwani nazo nilifundishwa kuzisoma. Wasanifu wa wakati ule walikwenda Palm Springs kwa sababu pale palikuwa na ardhi tupu, wateja wenye pesa ya starehe na jua la kutisha. Kila mmoja alikuwa na ujanja wake wa kupigana na jua. Mmoja anatoa paa mbele kama kofia. Mwingine anaizungushia nyumba ua wa ndani. Marehemu wetu alikuwa akiruka na ndege, anakaa wiki mbili hotelini, anarudi Birmingham na michoro ya penseli ya ovyo. Wachora ramani wake walikaa chumba kile ambacho sasa kina skana yako, wakaigeuza kuwa michoro ya kujengea, ikaviringishwa kwenye mabomba ya karatasi ngumu na kurushwa kwa ndege. Waliochora hawakuwahi kuliona jangwa. Mama Harmit hajaliona mpaka leo.

Sasa nije kwenye yaliyoniharibia usingizi.

Kila mchoro wa ujenzi una kisanduku pembeni chini kulia. Jina la jengo, kipimo, na mahali palipoandikwa "Mchoraji", ambapo mchoraji anaweka herufi za mwanzo za jina lake. Nilipokaribia nusu ya makabati nikagundua kitu. Michoro ya duka la nyama la Sparkbrook, kituo cha petroli, banda la basi, yote ina H.K., nene na nzuri. Harmit Kaur. Lakini ile nyumba maarufu ya jangwani, karatasi zote kumi na moja, kisanduku cha mchoraji ni kitupu. Nikapitisha kidole. Laini kupita kiasi. Kumi na moja zote.

Siku hiyohiyo Bwana Julian akaja kuniambia nyumba ile niiskani kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, eti faili zitakuwa nyepesi. Ukiskani kwa nyeusi na nyeupe, palipokwanguliwa hapaonekani kabisa; kwa rangi, skana huonyesha hata kisichoonwa na jicho. Labda ilikuwa faili kweli. Mpaka leo sijui. Naliweka tu hapa mlione. Mimi niliskani mara mbili, nyeusi na nyeupe kwa ajili yake, na ya rangi nikaihifadhi pembeni.

Tangu hapo nikawa namtazama. Si mtu mkali. Anashika mlango upite. Anauliza habari za Nasra kwa jina. Lakini Bwana Julian akikushukuru mara tatu kwa jambo moja, kaa ujiulize amechukua nini. Droo ya kumi na tisa, yenye barua za baba yake, ilikuwa imefungwa na ufunguo anao mwenyewe. Nikiuliza kuna nini anasema ni mambo ya kifamilia. Halafu maonyesho yalipokaribia akabadilisha zamu zangu, Jumanne nikatolewa, nikawekwa Ijumaa. Jumanne ndiyo siku ya Mama Harmit. Nikamwambia Ijumaa mimi ndiye ninayemchukua mtoto shuleni. Akanishukuru mara tatu.

Nikajiaminisha kwamba yeye ndiye aliyekwangua. Nilimwona kabisa akilini, amekaa jioni na wembe wake, anamfuta yule bibi herufi moja baada ya nyingine. Nikamweleza mume wangu, akaniambia sina ushahidi. Nikamwambia nina kidole.

Jumanne ya mwisho kabla zamu hazijabadilika, tulikuwa jikoni kwenye ile nyumba, Mama Harmit anachemsha chai yake na maziwa ndani ya sufuria kama anavyotaka yeye. Nikamwambia nimegusa zile karatasi kumi na moja. Nikamwambia najua nani aliyekwangua na nitamshitaki.

Hakugeuka. Akauliza, "Iko safi?"

"Nini, Mama?"

"Kukwangua. Iko safi, ama iko na makovu?"

"Safi. Nimeikuta kwa kidole, si kwa jicho."

Akatingisha kichwa kama mtu aliyesifiwa. "Basi ni mimi. Hapana Julian. Julian wakati ile alikuwa mtoto ya shule."

Akazima moto, akakaa, na akanieleza yote, kwa utaratibu, kama anayesoma kipimo. Alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa. Marehemu akarudi kutoka jangwani na penseli yake, paa lipo, vioo vipo, bwawa lipo, lakini jua litawaunguza watu mle ndani. Akamwambia, wewe binti wa Afrika unayajua yale matofali ya matundu, nipatie kuta za kivuli, ziweke unapoona panafaa. Hakumchorea hata mstari. Mama Harmit akachukua tofali la baba yake la Nairobi, duara ndani ya mraba, akapima matundu, akapanga kuta. Na alipofika mahali pa kuziweka, akafanya kama alivyofundishwa na kama kila fundi wa Nairobi anavyofanya: ukuta mmoja kusini, ukuta mmoja kaskazini. Kwa sababu Nairobi iko karibu na mstari wa ikweta. Nusu ya mwaka jua la mchana linapita upande huu wa nyumba, nusu ya mwaka linapita upande ule. Usipoziba pande zote mbili umemdhulumu mwenye nyumba.

Palm Springs si Nairobi. Kule jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Upande wa kaskazini unapata vimiale vya asubuhi na jioni wakati wa kiangazi, basi. Ukuta mrefu ule wa kaskazini, matofali mia kadhaa, hauna kazi yoyote.

Nikamuuliza kama hakuwa ameona, hata hapa Birmingham, kwamba jua halipiti kaskazini.

"Nilifika hapa Novemba," akasema. "Jua yenyewe sikuona. Ningejua napita wapi?"

Tukacheka mpaka chai ikapoa. Halafu akasema lililobaki. Marehemu aligundua kosa baada ya michoro kwenda. Akamwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia mwenye nyumba anaweza kuwapeleka mahakamani, na kwamba kwa faida yake mwenyewe, msichana mgeni, ni heri herufi zake zisionekane kwenye nakala za ofisi. Alisema kwa upole sana. Mama Harmit akachukua wembe, akakwangua karatasi kumi na moja siku moja, akasugua kwa kijiko, akaenda nyumbani na aibu. Mwaka uliofuata picha za nyumba zikatoka kwenye magazeti ya usanifu, na kilichosifiwa kuliko vyote kilikuwa ukuta wa kaskazini. Herufi zake hakuna aliyemwambia azirudishe.

Nimeona mengi tangu nije nchi hii, lakini upole ule wa kufunga mlango umenikasirisha kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa kwenye basi.

Wiki tatu kabla ya maonyesho Bwana Julian alizidiwa na kazi. Kitabu kinakwenda kiwandani kuchapwa, anataka barua za baba yake ziskaniwe haraka, akanipa ufunguo wa droo ya kumi na tisa. Alidhani mimi naskani, sisomi. Kwenye kopi ya kaboni ya barua kwa mjenzi wa Palm Springs nikakuta maneno haya, na nayaandika hapa kwa Kiswahili kama nilivyoyaelewa: msichana wangu wa Nairobi ameweka ukuta wa matundu upande wa kaskazini pia, ambako hauhitajiki. Matofali yameshafyatuliwa? Kama bado, acha. Kama tayari, jenga, tutasema tulikusudia.

Nikaipeleka moja kwa moja mezani kwa Bwana Julian. Niliyaona macho yake, Furaha. Hayakuruka. Hakuwa anaisoma mara ya kwanza.

Akasema barua ile ni ya faragha na haitaingia kitabuni. Akasema yeye anampenda sana Mama Harmit, ni kama shangazi yake, lakini msichana aliyekosea kwenye mchoro hageuki kuwa msanifu. Kosa si usanifu.

Nikamwambia, "Likiwa kosa ni lake, likisifiwa ni la baba yako. Nieleze linabadilika saa ngapi."

Akaniambia nimechoka, anajua si rahisi kuwa na mtoto mdogo. Akanishukuru kwa uaminifu wangu. Mara tatu, nilihesabu. Ufunguo akauchukua.

Siku ya maonyesho Mama Harmit alikuja amevaa sari ya bluu na koti la sufu, amefika nusu saa kabla. Mlangoni wakampa beji ya mgeni. Chini ya jina lake imeandikwa: mpiga chapa wa zamani. Mama Harmit hajawahi kupiga chapa hata ukurasa mmoja. Nilipotaka kuibandua akanishika mkono, akasema acha, watu wako na kazi nyingi, wamekosea tu. Alikuwa anawatetea. Nikatazama kibao cha maelezo kando ya mchoro mkubwa. Ulikuwa umechapwa kutoka kwenye skani yangu, ile nyeusi na nyeupe, na pembe ya chini kulia, ile yenye kisanduku, imekatwa yote. Kibao kinamtaja marehemu, kinamtaja mpiga picha, kinamtaja mwenye nyumba na mbwa wake. Mbwa ana jina pale.

Yaliyofuata mnayajua. Makofi, waya, giza. Bwana Julian hakunigombeza. Alishuka jukwaani, akanishika bega, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba Zuhura amekuwa na wiki ngumu nyumbani na tumpe nafasi. Wageni wakanitazama kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyonitoa kazini, si kufukuzwa. Jumatatu nikaacha barua na funguo zangu kwenye meza yake. Akanijibu kwa ujumbe kwamba mlango uko wazi siku zote.

Lakini kuacha kazi si kulalamika, na nilitaka kulalamika. Kwanza nikaenda kwa Mama Harmit, Sparkbrook, nyumba ya tatu kutoka kona ya Ladypool Road. Jina ni lake, siwezi kulipeleka bila yeye. Nilidhani atafurahi. Alikasirika.

Akasema nimemwaibisha mbele za watu. Akasema alipiga makofi kwa kuwa nyumba ni nzuri, na yeye kupigia makofi nyumba nzuri haombi ruhusa kwa mtoto wa Tanga. Nikamwomba radhi. Nilimwomba kweli, nimepiga magoti, kama ningemwomba mama yangu mzazi, kwa sababu alikuwa na haki. Nilikuwa nimeikasirikia aibu yake bila kumuuliza kama anaitaka hasira yangu. Furaha, hilo usilirudie.

Akaniinua, akanipa kiti. Mwishowe akauliza, nikiandika, nitaandika nini. Nikasema nitaandika kwamba yeye ndiye msanifu wa ule ukuta, na kwamba aliona mbali kuliko wote.

"Hapana. Huo ni uongo kama ya Julian," akasema. "Sikuona mbali. Nilikosea. Ukiandika jina yangu, andika na kosa yangu. Sitaki sifa ya kitu sikukusudia."

"Mama, watasema ndiyo maana hatukukuandika."

"Wacha waseme. Miaka yote hii mimi nachukua aibu, yeye nachukua sifa. Sasa weka zote mbili pamoja, juu ya jina moja. Nataka kuona."

Hifadhi inaendeshwa na bodi ya wadhamini, na bodi ina fomu ya malalamiko. Swali la kwanza linauliza kama wewe ndiye uliyedhurika. Nikaandika hapana. La pili linauliza ungependa suluhu ipi, na limeachiwa nafasi ya mistari miwili. Nikaandika: tazama karatasi iliyoambatishwa. Niliiandika kwa Kiingereza, dada mmoja wa maktaba akanirekebishia sarufi na kujaribu kuilainisha, nikaikwaruza tena. Hii hapa kwa lugha niliyoifikiria.

*

Kwa Wadhamini wa Hifadhi,

Nalalamika rasmi kuhusu kibao cha maelezo cha mchoro wa nyumba ya jangwani, kuhusu jalada la kitabu, na kuhusu hotuba ya Mkurugenzi siku ya ufunguzi. Nimefanya kazi kwenu miaka tisa na nimeziskani karatasi hizo mwenyewe.

Kuta mbili za matofali ya matundu za nyumba hiyo hazikubuniwa na marehemu. Zilibuniwa na kuchorwa na Harmit Kaur, mchora ramani katika ofisi yake. Herufi zake zilikuwa kwenye karatasi zote kumi na moja. Alizikwangua mwenyewe kwa wembe baada ya kuambiwa na mwajiri wake kwamba ni kwa faida yake. Mahali palipokwanguliwa papo. Pelekeni mtaalamu yeyote mnayemtaka, na mwambieni aoshe mikono.

Ukuta wa kaskazini hauna kazi. Uliwekwa kwa makosa na mtu aliyejifunzia Nairobi, ambako jua hupita pande zote mbili za nyumba, na ambaye hakuwahi kupelekwa kuiona Palm Springs. Marehemu alijua. Kopi ya barua yake iko droo ya kumi na tisa. Mkurugenzi anaijua, nilimwonyesha, na aliniambia kosa si usanifu. Halafu akasimama mbele ya watu akaliita sanaa ya baba yake.

Siombi radhi kwa ajili yangu. Sitaki kazi yangu. Waya wa projekta haukuharibika.

Naomba pembe iliyokatwa kwenye mchoro irudishwe, na barua ya droo ya kumi na tisa itolewe hadharani kando yake. Naomba Bi Harmit Kaur aandikiwe kwamba hakuwa mpiga chapa. Na kibao kibadilishwe kisomeke hivi, maneno haya haya, kwa kuwa ameyachagua yeye na ameyasoma mbele yangu mara mbili:

"Kuta za matundu: Harmit Kaur, wa Nairobi na Birmingham. Wa kusini unazuia jua. Wa kaskazini alikosea."

Jibu lenu litumwe kwa maandishi, nyumbani kwake si kwangu. Ana miaka themanini na moja na anasoma vizuri. Kwa simu msimpigie, na wala mtu asije kuzungumza naye kwa upole.

Zuhura
Sparkhill, Birmingham